Mjumbe Hauawi: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Kampuni za Gemu

Kwa wakuu wa Sony, Microsoft, Nintendo, Valve, Electronic Arts, Ubisoft, na kila mwenye kauli ya mwisho katika kampuni inayotengeneza au kuuza gemu,

Salaam, na poleni na kazi.

Julai 2013, studio ya Treyarch ya Marekani ilirekebisha bunduki mbili za kudungulia katika Call of Duty: Black Ops II. Ile ya DSR 50, muda wa kusubiri kati ya risasi na risasi ulitoka sekunde 0.2 ukawa 0.4. Ballista ikatoka 1.0 ikawa 1.1. Tofauti yenyewe ni kufumba na kufumbua. Aliyetangaza mabadiliko hayo kwa wachezaji, David Vonderhaar, alipokea vitisho vya kuuawa, akabaki anauliza hadharani kama vipande hivyo vya sekunde vinastahili vitisho vyote hivyo.

Kisa hicho sijakisahau. Kila kinapojirudia kwa sura nyingine, naona barua zinaandikwa kwa wachezaji: jamani tuwe na adabu, na hao wanaotengeneza gemu ni binadamu kama sisi. Ni kweli tupu, na aliyeandika tusi abebe tusi lake. Simpunguzii hata herufi moja. Ila barua za namna hiyo zimeshaandikwa za kutosha. Hii nawaandikia ninyi wenye viti. Waswahili tuna neno, mjumbe hauawi, na nikitazama miaka yote hii naona wajumbe ndio wanaopigwa, na mara nyingi ninyi ndio mliowatuma, mikono mitupu, kwenye umati ambao mlikwishauchokoza.

Tuchukue kisa kimoja ambacho kinatugusa hata sisi wa huku. Helldivers 2 ilitoka Februari 2024, imetengenezwa na Arrowhead ya Stockholm na kuchapishwa na Sony. Watu wanne mnaingia vitani kupigana na midudu na maroboti, mnalipuana wenyewe kwa wenyewe kwa bahati mbaya, mnacheka mpaka mbavu ziume. Tarehe 3 Mei, siku ya Ijumaa, likatoka tangazo kwamba wachezaji wa kompyuta walionunua kupitia Steam, duka la mtandaoni la gemu, sasa ni lazima waunganishe akaunti ya PlayStation Network, mtandao wa Sony wenyewe. Sharti hilo lilikuwa limeandikwa kwenye ukurasa wa kuuzia tangu mwanzo, lakini mitambo ilipoelemewa siku za uzinduzi likaachwa kuwa la hiari, na watu wakacheza miezi mitatu bila kulikumbuka.

Sasa fungua orodha ya nchi ambako PlayStation Network inapatikana rasmi. Kwa bara zima la Afrika utaikuta Afrika Kusini. Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda haimo, Kongo haimo. Oman imo, kwa hiyo binamu aliyeko Maskati angeendelea kucheza na wewe uliyeko Mombasa ungefungiwa nje ya kitu ulichokwishalipia. Njia ya mtaani tunaijua sote: unajisajili kwa kudanganya kwamba unakaa Johannesburg au London, kisha unaomba Mungu akaunti isifungwe. Mwisho wa wiki hiyo gemu ikaacha kuuzwa kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170.

Wachezaji walifanya nini? Waliandika maoni mabaya zaidi ya 200,000 kwenye Steam ndani ya siku chache. Jumatatu tarehe 6 Sony ikarudi nyuma na sharti likafutwa. Wengi wa wale walioandika walisema jambo linaloeleweka: nilinunua, nchi yangu haimo, nirudishieni haki yangu. Hiyo siiiti ukosefu wa adabu. Ni mteja anapiga kelele dukani kwa sababu mlango umefungwa na yeye yumo ndani, na kelele hizo zilifanya kazi. Naomba mlishike hili, maana kampuni ikizidiwa hupenda kuita kila lawama chuki ili isijibu hata moja.

Lakini siku hizo hizo kulikuwa na mkondo mwingine ukipita chini kwa chini. Johan Pilestedt, aliyekuwa mkuu wa Arrowhead wakati huo, aliwaeleza waandishi wa habari mwezi huo huo kwamba kilichomtisha ni wingi wa vitisho na lugha chafu waliyopokea watu wa studio yake, kwa kiwango ambacho hawakuwahi kukizoea. Aliyeamua sharti lirudi ni mchapishaji. Aliyekuwa zamu ya kujibu maswali usiku ule ni kijana wa studio ambaye kazi yake ni kuongea na wachezaji, na ambaye pengine taarifa aliisoma saa ile ile tuliyoisoma sisi. Fahali wawili walipigana na nyasi zikaumia, ndivyo ilivyo. Namsifu Pilestedt kwa jambo moja: alijitokeza kwa jina lake akakiri sehemu yake, kwamba yeye ndiye aliyekubali sharti liwekwe kando wakati wa uzinduzi na hakuhakikisha wachezaji wanajua litarudi. Wangapi kati yenu mmewahi kufanya hivyo kabla moto haujazimwa?

Laura Bailey hakuandika hadithi ya gemu ya The Last of Us Part II. Alimpa mhusika Abby sauti na mwendo. Gemu ilipotoka Juni 2020 na baadhi ya wachezaji wakachukizwa na alichofanya Abby, vitisho vya kifo vikamfikia mwigizaji, na vingine vilimtaja mtoto wake mdogo. Jason Schreier ni mwandishi wa habari. Mwaka 2016 aliripoti kwamba No Man's Sky imeahirishwa, habari iliyokuwa ya kweli, akatishiwa kuuawa kwa kuiripoti. Kisha Sean Murray wa Hello Games, studio ndogo ya Guildford, Uingereza, alipothibitisha kwamba ni kweli imesogezwa kutoka Juni hadi Agosti, naye akatishiwa. Kwa miezi miwili! Oktoba 2020 CD Projekt wa Warszawa wakaahirisha gemu yao ya Cyberpunk 2077, na watu wao wakaonja hayo hayo. Halafu ikatoka Desemba ikiwa mbovu kiasi kwamba Sony iliiondoa dukani mwake mpaka Juni mwaka uliofuata. Maana yake ni kwamba wale mafundi waliotukanwa kwa kuchelewesha walikuwa wanahitaji muda zaidi, wala si pungufu.

Hapo kwenye tarehe ndipo ninyi mnapoingia wazima wazima. Fundi hatangazi tarehe. Tarehe hutangazwa na mwenye hesabu za robo mwaka, hupambwa kwa trela inayoonyesha vitu ambavyo havijajengwa, huuzwa kwa malipo ya kabla, kisha siku ikisogezwa anatumwa mtu mdogo kwenda kusema samahani. Mnampa mtu hamu kwa miaka mitatu, mnachukua hela yake mapema, na mkishamkasirisha mnashangaa kwamba hasira imempata aliye karibu. Sisemi hasira hiyo inahalalisha tishio. Nasema kuni mlipanga ninyi.

Mniruhusu nitoke kidogo kwenye mambo makubwa, maana na mimi nina langu, dogo sana, na ndani yake mkosaji ni mimi.

Miaka michache iliyopita mimi na rafiki yangu tulitengeneza bao la kuchezea kwenye simu. Bao la kiswahili hasa, mashimo 32, kete 64, namua kisha mtaji. Asiyelijua atadhani ni kazi ya wiki mbili. Sheria ya takasia, inayomzuia mpinzani kuanzia kwenye shimo fulani, peke yake ilituchukua mwezi, na bado tuliikosea: programu yetu iliruhusu nyumba, yaani shimo kuu la mchezaji, kutakasiwa, jambo ambalo mchezaji yeyote wa barazani angekupigia kelele kabla hujainua mkono. Tuliiweka kwenye duka la programu, tukakaa tunasubiri pongezi.

Mzee mmoja wa Unguja akaandika: "Bao gani hili nyumba inatakasiwa? Mmefundishwa na nani, kuku?" Nyota moja. Akaongeza aya nzima akieleza shimo kwa shimo wapi tumekosea. Ilinichoma, nakiri. Lakini ile ndiyo lugha ya bao. Barazani watu wanakejeliana kutwa, anayefungwa anaambiwa maneno ambayo ukiyaandika yanaonekana ugomvi, na jioni wanarudi nyumbani pamoja. Hakuna niliyewahi kumwona akimfuata seremala aliyechonga ubao.

Wa pili alikuwa kijana. Alifungwa na kompyuta mara nyingi mfululizo akaamua programu inamwibia. Aliandika kuhusu mama yangu, kisha akaipata namba yangu, sijui wapi, akawa anapiga saa nane usiku na kunyamaza, au kunitajia mtaa ninaokaa. Nililishtaki lile tusi kwa wenye duka la programu. Lilikuwa tusi la nguoni, la Kiswahili safi. Nikajibiwa kwamba maoni hayo hayajavunja kanuni zao. Kuna mtu, au mashine, mahali fulani, alilitazama tusi lile akaona maneno tu.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonileta kwenu. Kwa woga, nikaanza na malalamiko ya kijana. Nilirekebisha programu ili kompyuta icheze vibaya zaidi katika ngazi ile iliyomkasirisha, nikamwandikia kwa upole kwamba tumemsikia. Yule mzee aliyenipa somo la bure la takasia alisubiri wiki tatu. Simu za usiku zilikoma, ndiyo. Ila kijana alijisifu, kwamba ukitaka kusikilizwa na wale jamaa lazima uwapelekee moto, na ndani ya mwezi nikapata wengine wawili wenye lugha ile ile. Niliwafundisha mimi mwenyewe.

Sasa tazameni mnachowafundisha ninyi, kwa kipimo chenu. Julai 2018 huko Marekani mwandishi wa hadithi za gemu ya Guild Wars 2 alibishana na mtengeneza video mmoja kwenye Twitter. Jamaa alikuwa ametoa hoja yake kwa upole, naye mwandishi akamjibu kwa ukali, hilo halifichiki. Wachezaji wakawaka, na ndani ya siku mbili tatu studio yake, ArenaNet, ikamfukuza yeye pamoja na mwenzake aliyesimama upande wake. Unaweza kusema alistahili karipio. Lakini kila mwenye hasira na studio yake alisoma somo jingine kabisa, kwamba mkijaa wengi na mkapiga kelele, mtu anapoteza mkate wake. Tangu hapo wafanyakazi wa studio nyingi wakisikia makundi yanadai fulani afukuzwe hawacheki, maana wanajua imewahi kufanyika.

Ndiyo maana sishangai namba iliyotoka kwenye utafiti wa Game Developers Conference, mkutano wa watengenezaji gemu, wa mwaka 2023: asilimia 91 ya watengenezaji waliojibu walisema unyanyasaji kutoka kwa wachezaji ni tatizo katika tasnia ya gemu. Na Januari iliyofuata Microsoft ikapunguza watu 1,900 katika kitengo chake cha gemu, Februari Sony ikapunguza kama 900. Mtu anatukanwa mwaka mzima kwa ajili ya kampuni, kisha kampuni yenyewe inamwonyesha mlango. Nalo nataka mlitazame mnapoandika zile taarifa nzuri za kuwapenda wafanyakazi wenu.

Haya, si wote waliokaa kimya, na sitaki kusema uongo kwa kunogesha barua. Studio ya Bungie ya Marekani ilikwenda mahakamani. Mtu mmoja alikuwa amemwandama mfanyakazi wa studio hiyo kwa ujumbe wa sauti uliojaa ubaguzi wa rangi, kisha akaagiza pizza ipelekwe nyumbani kwake ili ajue anapajua. Mwaka 2023 mahakama ya jimbo la Washington ikaamuru ailipe kampuni karibu dola 489,000, na ikakubali kwamba mwajiri anaweza kudai gharama alizotumia kumlinda mfanyakazi wake. Hili la pili ndilo kubwa kuliko hela. Huko Japani, Nintendo iliandika mwaka 2022 katika masharti yake ya matengenezo kwamba haitamhudumia mteja anayenyanyasa wahudumu, na kampuni ya gemu ya Square Enix ikatoa sera yake Januari 2025, ikieleza bayana kipi ni lawama na kipi ni unyanyasaji, na kwamba inaweza kwenda kwa polisi na wanasheria. Jiji la Tokyo lenyewe lina kanuni ya kuzuia wateja kunyanyasa wahudumu, iliyoanza tarehe 1 Aprili 2025, na inawahusu hata wauza tambi.

Mnachoweza kujifunza kwa Square Enix ni ule mstari walioupiga. Mchezaji akisema gemu yenu ni takataka, amesema. Akisema mmemwibia kwa kuuza nguo za mhusika kwa bei ya viatu, huenda mmemwibia kweli. Mzee wangu wa Unguja aliniita mwanafunzi wa kuku na alikuwa na haki kamili. Mkianza kufuta maoni ya namna hiyo kwa jina la heshima, mtakuwa mmejijengea ukuta wa kujificha, na sisi tutajua. Kinachotakiwa kukomeshwa ni kumfuata mtu: nyumbani kwake, kwenye simu yake, kwa rangi yake, kwa mtoto wake. Mkishaliona hilo, fungeni akaunti siku hiyo hiyo, na mseme kwamba mmeifunga.

Kingine ni majina. Sharti likija kutoka kwa mchapishaji, tangazo liwe na jina la mkubwa wa kwa mchapishaji aliyelikubali, na awe yeye wa kwanza kujibu. Kijana wa zamu apewe ruhusa ya kusema "swali hili si langu, ni la fulani," kisha azime kompyuta akalale. Najua mawakili wenu watakunja uso. Lakini jina la Vonderhaar lilikuwa wazi kwa ajili ya sekunde 0.2, kwa nini la mwenye kuamua nchi 170 lifichwe?

Na tarehe, kama hamna uhakika nayo, kaeni nayo kwanza. Hello Games walipewa funzo hilo kwa ukali: baada ya Agosti 2016, gemu ilipotoka bila mambo mengi yaliyotajwa, walinyamaza miezi, wakafanya kazi, wakatoa maboresho ya bure moja baada ya jingine. Ilichukua mpaka 2024 maoni ya jumla kwenye Steam kugeuka kuwa mazuri sana. Miaka minane. Wangapi wenu mtampa fundi miaka minane?

La mwisho linahusu lugha yetu. Watu wanaozungumza Kiswahili wanacheza gemu zenu kwenye simu, kwenye PlayStation za kukodi kwa nusu saa, kwenye kompyuta za ofisini bosi akitoka. Wanatukana humo kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa maneno yaliyogeuzwa silabi ili mashine isiyaone, na wanatukanwa pia. Kama mnaweza kuajiri mtu wa kututafsiria bei, ajirini na wa kusoma matusi yetu, mtu mwenye mshahara, na mapumziko, na mahali pa kwenda kuzungumza baada ya kusoma uchafu ule saa nane kwa siku. Ila msimgeuze mjumbe mwingine.

Jibu nitalisubiri. Likija lina jina la mtu chini yake, nitalisoma lote.

Wenu,
Mchezaji, na fundi wa bao la simu,
Temeke, Dar es Salaam